Kutengwa kwa Ajili ya Nani?

Jumapili moja kanisani kwetu Puge tuliwekwa wakfu wazee wa kanisa watano, nami nilikuwa mmoja wao. Mchungaji alisoma Matendo ya Mitume 13, pale Roho Mtakatifu anapoliagiza kanisa la Antiokia liwatenge Barnaba na Sauli kwa kazi aliyowaitia. Tukapiga magoti, tukawekewa mikono, na mchungaji akaliambia kanisa kwamba tangu siku hiyo sisi ni watu waliotengwa kwa ajili ya utumishi wa Mungu. Kina mama wakapiga vigelegele. Mke wangu alikuwa amenishonea shati jipya, na sitaficha: nilijiona mtu.

Nilipoinuka na kuwageukia washarika, niliona jambo ambalo bado linanisumbua. Siku hiyo kanisa lilijaa. Watu walibanana sita sita kwenye mabenchi ya watu watano, na watoto waliketi sakafuni. Lakini benchi la mwisho, karibu na mlango, lilikuwa na mtu mmoja tu. Ni bibi mmoja mjane, jirani yetu. Msimu wa mvua uliotangulia, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwake aliugua ghafla akafa. Watu wakaenda kwa mganga. Waliporudi hawakutaja jina, ila kila mtu alielewa. Bibi yule ana macho mekundu, kama walivyo kina mama wengi wa huku ambao wamepika maisha yao yote kwa kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Tangu hapo akifika kisimani wenzake huondoka. Hakuna aliyemwazima moto wala chumvi. Kijijini tulikuwa na neno moja tu la kueleza hali yake. Tulisema, "Ametengwa."

Neno lile lile! Mimi nimetengwa, naye ametengwa, siku moja, katika nyumba moja ya Mungu. Baada ya ibada tulijipanga nje kusalimiana kama ilivyo desturi yetu. Bibi alitoka wa mwisho. Alipokaribia kunipa mkono nilijifanya ninaitwa kwenye picha, nikageuka. Sikumchukia. Niliogopa watu wangesema nini juu ya mzee mpya wa kanisa. Hivyo kazi yangu ya kwanza baada ya kuwekewa mikono ilikuwa kuuficha mkono wangu.

Ndugu msomaji, ninaandika haya kwa sababu naamini swali lililonipata siku ile si langu peke yangu. Maandiko yanaposema mtu ametengwa kwa ajili ya Mungu, yana maana gani? Na kutengwa huko kuna uhusiano gani na kule kutengwa kwingine, kwa yule ambaye watu wamemkimbia?

Tuanze na nyumba zetu wenyewe. Mavuno yanapoisha, mama huchagua mahindi yenye punje nzuri, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Hayo ni mbegu. Chakula kikipungua, watoto huyatazama mahindi yale kwa tamaa, lakini hakuna anayethubutu kuyagusa. Yametengwa. Je, yametengwa kwa sababu ni ya heshima kuliko yaliyosagwa? Hapana. Mvua ikinyesha vizuri yatashushwa na kufukiwa kwenye udongo. Mbegu hutengwa ili ikafukiwe shambani, na nyumba nzima ipate kula mwaka unaofuata. Ikibaki juu ya moshi mwaka baada ya mwaka, ikisifiwa kwa uzuri wake, itakuwa imetengwa bure.

Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu hulitafsiri "takatifu" lina ndani yake wazo hilo la kutengwa. Siku ya Sabato imetengwa na siku nyingine, vyombo vya hekalu vimetengwa na vyombo vya kawaida, kabila la Lawi limetengwa na makabila mengine. Wengi wetu tunaishia hapo, kwenye "na". Tunahesabu tumetengwa na nini: na pombe, na ngoma, na watu wa dunia. Lakini katika Maandiko "na" hiyo hufuatwa na "kwa ajili ya". Yeremia alitengwa kabla ya kuzaliwa, kwa ajili ya mataifa (Yeremia 1:5). Paulo anasema Mungu alimtenga tangu tumboni mwa mama yake, na mara hiyo hiyo anataja sababu, yaani amhubiri Kristo kati ya watu wa mataifa (Wagalatia 1:15-16). Mtu anayejua ametengwa na nani, lakini hajui ametengwa kwa ajili ya nani, ameijua nusu tu ya wito wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Walawi, na ningependa tuufuate hatua kwa hatua.

Lawi hakuanza vizuri. Katika Mwanzo 34 yeye na Simeoni waliwaua watu wa mji wa Shekemu kwa hila. Yakobo alipokaribia kufa aliilaani hasira yao, akasema watatawanywa katika Israeli (Mwanzo 49:5-7). Baadaye, katika Kutoka 32, wana wa Lawi ndio waliosimama upande wa Bwana wakati umati mzima ulipoiabudu ndama, na siku hiyo upanga ulitumika tena. Habari hiyo ni nzito na sitaipunguza uzito wake. Ila tuangalie Mungu alifanya nini na watu hawa baada ya hapo. Aliwatenga, akaondoa upanga mikononi mwao na kuwapa mizigo.

Ndiyo, mizigo. Soma Hesabu 7:6-9. Wakuu wa Israeli walileta magari ya kukokotwa na ng'ombe ili kusaidia kazi ya hema. Wana wa Gershoni wakapewa magari mawili, wana wa Merari manne. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa wao walikabidhiwa vitu vitakatifu kuliko vyote, na vitu hivyo vilipaswa kubebwa mabegani. Hilo lilinishangaza sana. Kadiri walivyokuwa karibu na patakatifu, ndivyo mabega yao yalivyoelemewa.

Sisi wa Unyamwezi tulipaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Babu zetu walijulikana kwa upagazi kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na mpaka Ujiji upande wa pili. Walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kwa miezi mingi, mabegani na vichwani. Mpagazi hakupimwa kwa nguo zake. Swali lilikuwa moja tu, kama mzigo umefika. Mzee wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili, mchungaji: sote ni wana wa Kohathi. Hatukupewa gari.

Hatua ya pili. Nchi ya ahadi ilipogawanywa, Walawi hawakupewa mkoa wao. Walipewa miji 48 iliyosambaa ndani ya maeneo ya makabila yote (Hesabu 35:7). Hapa ndipo maneno ya Yakobo yalipotimia kwa namna ya ajabu. Walitawanywa kweli, lakini laana ikageuka kuwa utumishi, kwa maana kila kabila lilipata Walawi wa kuishi nao. Mungu hakuwajengea waliotengwa kijiji chao chenye uzio. Aliwaweka kwa majirani.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonichoma moyo. Kati ya miji hiyo 48, sita ilikuwa miji ya makimbilio. Mtu aliyeua bila kukusudia, akifukuzwa na mlipiza kisasi, aliweza kukimbilia huko asiuawe kabla hajasimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa (Hesabu 35:12). Yoshua 20:7 inapotaja miji iliyochaguliwa, neno la Kiebrania linalotumika kwa kitendo hicho ni lile lile la kutakasa. Miji yenyewe ilitengwa. Kwa hiyo mtu ambaye ndugu zake wote wamemgeuka, ambaye hana pa kulala wala wa kumsemea, alijua njia moja ya kufuata. Alikimbilia kwa waliotengwa na Mungu. Waliotupwa kando na watu walipaswa kuukuta mlango uko wazi kwa watu waliowekwa kando na Mungu.

Sasa fikiri nami. Ikiwa makimbilio yaliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye kwa kweli alimwaga damu, ingawa si kwa kusudi, je, si zaidi sana kwa bibi ambaye hakuna aliyemwona akifanya lolote, na ambaye ushahidi pekee juu yake ni macho mekundu na maneno ya mganga? Tunajua mambo haya yanaishia wapi. Katika mikoa yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma kama hizo. Mara nyingi panga hutanguliwa na kisima ambapo hakuna anayekusalimu, na benchi ambapo hakuna anayeketi nawe. Muuaji hujua kwamba huyu hana mtu. Sisi ndio tuliomjulisha.

Nataka nitoe mfano wa mtu aliyepita katika njia hii ya misafara. Jina lake ni Adrien Atiman. Alizaliwa katika miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa na kuvushwa Sahara. Utumwa ni kutengwa kwa namna iliyo mbaya kuliko zote. Mtu hutolewa kwa mama yake, kwa lugha yake na kwa jina lake, ili pasiwe na mtu wa kuuliza yuko wapi. Huko Algeria, wamisionari wa shirika la Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1888 alisafiri kutoka pwani ya Afrika Mashariki, akifuata njia ya misafara kuja bara. Ni njia ile ile ambayo kwa miaka mingi watumwa walishushwa kwenda baharini. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka zaidi ya 60 alikuwa tabibu na katekista. Hakuwa padre. Alioa huko huko, na mwanawe Joseph ndiye aliyekuja kuwa padre. Ndugu zetu Wakatoliki humkumbuka kwa heshima, nasi wa makanisa mengine tuna la kujifunza kwake. Mtoto aliyeng'olewa kwa watu wake akawa mtu ambaye wagonjwa wa nchi ya ugeni walimkimbilia. Watu walimtenga kwa ajili ya faida yao, Mungu akamtenga kwa ajili ya wengine. Hakuhitaji kanzu ya padre ili awe hivyo. Alihitaji kukaa mahali pamoja na mlango wake kuwa wazi.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza, "Je, Paulo hakusema tutoke kati yao tukatengwe nao?" Ndiyo, ipo katika 2 Wakorintho 6:17, na sitaki kuizunguka. Hapo Paulo anawaonya wasifungwe nira pamoja na ibada ya sanamu. Lakini Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wakorintho hao hao, anafafanua kwamba hakuwakataza kuchangamana na wenye dhambi wa dunia hii, maana ingewabidi waihame dunia (1 Wakorintho 5:10). Tofauti ni ya matendo. Mkristo wa Puge anapokataa kwenda kwa mganga kutafuta nani kamroga mtoto, huko ndiko kutengwa kunakoagizwa. Nasi tulifanya kinyume. Tulikataa kwenda kwa mganga kwa miguu yetu, lakini tuliyapokea majibu yake mioyoni mwetu na kuyatii kanisani. Tulijitenga na bibi badala ya kujitenga na uganga.

Tena kuna nidhamu ya kanisa. Mtu akianguka dhambini waziwazi anaweza kusimamishwa kushiriki Meza ya Bwana, nasi husema "ametengwa". Hilo lina nafasi yake katika Neno. Ila hata huko Paulo anapomzungumzia mtu aliyerudiwa, anawahimiza wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:6-8). Nidhamu ya kanisa ina mlango wa kurudia. Kutengwa kwa kijiji kwa sababu ya uvumi hakuna mlango, kwa kuwa hakuna kosa linaloweza kuungamwa. Bibi angetubu nini?

Paulo alizijua aina zote mbili. Wataalamu wengi hudhani kwamba jina "Farisayo" lilitokana na neno lenye maana ya waliojitenga. Kwa hiyo kabla ya njia ya Dameski Sauli alikuwa mtu aliyejitenga hasa, msafi, asiyeketi na mtu asiyefaa. Mungu alipomtenga, alimtuma akale mezani na watu aliokuwa akiwakwepa. Kipimo hiki kinatufaa sote. Baada ya kutengwa kwako, je, meza yako imepanuka au imepungua?

Na juu ya wote yuko Bwana wetu. Katika Yohana 17:19, usiku wa kusalitiwa kwake, anamwambia Baba kwamba anajiweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi wake. Hiyo ndiyo "kwa ajili ya" ninayoisema. Kesho yake alipelekwa wapi? Waebrania 13:12 inatukumbusha kwamba aliteswa nje ya lango. Nje ya lango ndiko walikokaa wenye ukoma na kila mtu ambaye kambi haikumtaka. Mtakatifu wa Mungu, aliyetengwa kuliko wote, alikufa mahali pa waliotengwa na watu. Kwake maana zile mbili za neno moja zilikutana katika mwili mmoja. Na mstari unaofuata hautuambii tumsubiri ndani. Unatuita tumwendee huko nje, tukiichukua aibu yake.

Basi nilijua ninapaswa kwenda wapi. Palikuwa karibu sana, hatua kama 20 kutoka kiti cha wazee mpaka benchi la mlangoni. Ilinichukua majuma matatu kuzitembea. Jumapili ya nne niliingia na mke wangu, hatukwenda mbele. Tuliketi kwenye benchi la mwisho. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia bila kunitazama. Nadhani alifikiri nimekosea mahali pa kukaa.

Sitasema mambo yalitengemaa. Jirani mmoja ambaye kila mwaka huniazima ng'ombe wa kulimia aliniambia mwaka huo wana kazi nyingine. Mzee mwenzangu alinivuta kando na kuniuliza kama nataka kulichafua jina la kanisa. Mama wa mtoto aliyefariki hakunisalimu kwa muda mrefu, na uchungu wake si wa kuchezea. Tulikwenda kwake pia, tukaketi naye, wala hatukumhubiri. Yeye naye alikuwa mtu aliyebaki peke yake. Wote walikuwa wamemletea jina la wa kumlaumu, na wachache waliomletea uji.

Nimejifunza kwamba mikono niliyowekewa siku ile haikunipandisha. Ilikuwa kama ile inayomsaidia mpagazi kuuinua mzigo, ambayo humwachia na kumwambia aende. Kila mbatizwa ameubeba mzigo huo, si wazee peke yao. Petro anawaandikia waumini wote kwamba wao ni ukuhani wa kifalme na taifa takatifu (1 Petro 2:9). Kama kanisa zima ni kabila la Lawi, basi nyumba ya kila Mkristo hapa Puge na kwingineko inapaswa kuwa mmoja wa miji ile sita.

Jumapili ijayo ukiingia kanisani, kabla hujaketi mahali pako pa kila siku, angalia mabenchi. Utamwona yupo. Huenda ni bibi, huenda ni mtoto mwenye ualbino, huenda ni kijana aliyetoka gerezani au mama aliyeachwa. Ukimwona, jua kwamba kazi uliyotengewa imeketi pale.

Benchi letu la mwisho lina nafasi ya watu watano. Ninapoandika haya tumefikia wanne. Bwana atujalie wa tano. Amina.